Terili Iliyo Juu ya Vichwa Vyetu

Maneno haya kuhusu taka za anga niliyasema Lubumbashi, mji wa migodi kusini mwa Kongo, katika Wiki ya Anga Duniani, ile ya tarehe 4 hadi 10 Oktoba, mbele ya wanafunzi wa sekondari, wazazi wao na walimu wenzangu. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni. Nimeruka tu zile dakika ishirini umeme ulipokatika, tukakaa gizani tukisubiri jenereta.

Jambo yenu, baba zangu na mama zangu. Jambo yenu walimu wenzangu, na nyinyi wadogo mliokaa sakafuni kwa sababu viti vimekwisha. Poleni na joto. Oktoba ya Lubumbashi haina huruma.

Kabla sijasema neno lolote kuhusu anga, naomba mgeuze macho kwenye dirisha la kushoto. Mnaona shemine, lile bomba refu la moshi, na pembeni yake ule mlima mweusi. Mlima ule haukuumbwa na Mungu. Ni terili, lundo la mabaki ya matanuri ya madini. Mtoto wa hapa akiambiwa achore mji wake, anaanza na vitu hivyo viwili, nyumba yao inakuja baadaye.

Kiswahili cha zamani kina jina la kilichomo kwenye terili, na naomba radhi kwa mama zangu kabla ya kulitamka: mavi ya chuma. Ukiyeyusha mawe ili upate madini, kinachobaki ndicho hicho. Msicheke sana. Wazee waliotunga jina hilo hawakukosa adabu, walikuwa na macho. Waliona kwamba tanuri ni kama mtu: halili bila kutoa.

Babu yangu alifanya kazi kwenye matanuri. Alikuwa akitusimulia jinsi ule uji wa moto ulivyomwagwa usiku kileleni, mwekundu, na upande ule wa mbingu ukawaka. Bibi alijua kwa mwanga ule kwamba zamu inaendelea na mumewe bado mzima. Hakuna aliyeuliza ule uji utakaa pale kwa muda gani. Kulikuwa na nafasi. Ukimuuliza mtu wa wakati ule kwa nini wanamwaga pale, angekushangaa: sasa tumwage wapi?

Sasa sikilizeni jambo ambalo babu hakulijua. Ndani ya mlima ule, pamoja na mabaki ya shaba, kobalti na zinki, mna germaniamu. Ni kitu cha kijivu, kinang'aa, ni adimu na ni ghali. Setilaiti nyingi kubwa hupata umeme kwa mabamba ya sola yaliyojengwa juu ya vipande vyembamba vya germaniamu, kwa sababu yanalikamua jua vizuri kuliko sola tunazofunga juu ya mabati yetu. Mwaka 2024 STL, kampuni tanzu ya Gécamines, shirika la madini la serikali yetu, inayochambua terili hii, iliingia makubaliano na Umicore ya Ubelgiji, na mwaka huo huo mzigo wa kwanza ukaondoka. Umicore ni miongoni mwa wanaotengeneza vipande vile vya setilaiti. Si kila setilaiti inavitumia, niseme ukweli. Zile zinazorushwa kwa mafungu, za bei ya chini, zinaridhika na silikoni ya kawaida. Lakini kwangu mimi inatosha. Uji aliokuwa akiumwaga babu usiku unaweza kuwa unapita juu ya paa hili sasa hivi, ukienda kilomita saba na nusu kila sekunde.

Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba mambo ya anga ni ya Wazungu, Warusi na Wachina. Sisi tuna mali kule juu. Na tuna ujuzi ambao wao hawana: sisi tunajua kuishi chini ya takataka za kazi kubwa.

Haya, kule juu kuna nini?

Kwanza kuna vitu vya kazi. Dereva wa kamyo anayesubiri siku tatu pale Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na shaba mgongoni, tajiri wake anajua amesimama wapi kwa sababu ya setilaiti. Wenzetu wa Goma, ardhi ikianza kuvimba pembeni ya volkano ya Nyiragongo, vipimo vya setilaiti ni moja ya njia za kuliona hilo. Mvua tunayoingoja wiki hizi, picha za mawingu yake zinatoka huko. Sikuja kuwaambia kwamba anga lifungwe.

Halafu kuna vitu vilivyokufa. Shirika la anga la Ulaya, ESA, lilisema mwaka 2025 kwamba vitu vinavyofuatiliwa kimoja kimoja kutoka ardhini ni kama 40,000, na kati ya hivyo setilaiti zinazofanya kazi ni kama 11,000. Vingine ni maiti: roketi zilizomaliza mafuta, setilaiti zilizozimika, vipande vya vitu vilivyolipuka. Vipande vinavyozidi sentimita 1, wanakadiria, vimepita milioni 1.2, na vingi kati ya hivyo hakuna anayeviona.

Sentimita 1 ni nini? Ni punje ya haragwe. Mwezi uliopita tulipiga hesabu hii ubaoni na wanafunzi wangu, baadhi yao wako hapa. Chukua kigololi cha alumini chenye upana wa sentimita 1. Uzito wake ni gramu 1.4. Kigonge setilaiti kwa kilomita 10 kwa sekunde, mwendo wa kawaida wa vitu viwili vinavyokutana kule. Jibu likatoka: pigo lake ni sawa na gari la tani moja likikugonga kwa kilomita 40 kwa saa. Darasa likakataa. Wakasema mwalimu umekosea sifuri. Tukarudia mara tatu, tukafuta ubao wote, jibu likabaki lile lile. Punje ya haragwe, jamani, na ni sawa na kugongwa na taksi.

Tarehe 10 Februari 2009 setilaiti mbili nzima ziligongana juu ya Siberia, moja ya mawasiliano ya Marekani iliyokuwa kazini, Iridium 33, na moja ya Urusi iliyokufa zamani, Kosmos 2251. Zikaacha vipande vikubwa zaidi ya 2,000. Hiyo ilikuwa ajali. Lakini China mwaka 2007 ilipiga setilaiti yake yenyewe kwa kombora, kwa makusudi, ikamwaga zaidi ya 3,000. Urusi ikafanya vivyo hivyo Novemba 2021, zaidi ya 1,500, mpaka waliokuwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga wakaingia ndani ya vyombo vyao vya kurudi duniani na kufunga milango. Marekani na India nao wameshafanya majaribio ya namna hiyo. Mimi nina neno moja tu kwa wakubwa hawa: mtu anayevunja chupa kwenye uwanja ambao watoto wanacheza peku hatuulizi yeye ni wa chama gani.

Mtu ataniuliza, si vitaanguka? Swali zuri. Vinaanguka, lakini inategemea umeviacha wapi. Kwenye kilomita 400 bado kuna hewa nyepesi inayofanya kazi ya breki, na kitu kinashuka kwa miezi au miaka michache. Kwenye kilomita 800 kitakaa zaidi ya miaka 100. Kwenye 1,200 hesabu ni ya karne nyingi. Wamarekani walirusha Vanguard 1 mwezi Machi 1958. Ni kama balungi kwa ukubwa, kilo moja na nusu. Ilinyamaza mwaka 1964. Wakati inarushwa mji huu ulikuwa unaitwa Elisabethville, babu yangu alikuwa kijana bila mke, na mpaka jioni hii balungi lile bado linazunguka.

Na kuna jambo jingine ambalo lilinikosesha usingizi nilipolielewa. Kaboni dioksidi inayotupasha joto huku chini, kule juu kabisa inafanya kinyume: inapoza hewa, hewa inasinyaa, na ile breki inalegea. Kadiri tunavyochafua chini, taka za juu zinazidi kukaa.

Sasa niwapeleke kwenye historia yetu wenyewe, maana wadogo wengi hawaijui na wakubwa wengine wameisahau.

Katikati ya miaka ya 1970, jimbo hili likiitwa Shaba, serikali ya Zaire ilikodisha kwa kampuni ya Ujerumani Magharibi, OTRAG, eneo la kilomita za mraba kama 100,000. Nchi nzima ya Ureno haifiki hapo. Wajerumani wale, chini ya Lutz Kayser, walitaka kutengeneza roketi ya bei rahisi: mabomba mengi yanayofanana, yamefungwa pamoja kama fungu la miwa. Uwanja wao ulikuwa juu ya uwanda wenye magenge ya mawe, mto Luvua ukipita chini bondeni. Roketi ya kwanza iliruka tarehe 17 Mei 1977, ya pili Mei 1978. Ya tatu, tarehe 5 Juni 1978, Rais Mobutu mwenyewe alikuja kuiangalia. Ikapanda kidogo, ikapinda, ikaenda kuanguka bondeni. Mwaka uliofuata, wakubwa wa dunia wakiwa wamelalamika vya kutosha, mkataba ukafutwa na kampuni ikaondoka.

Wengi wakisimulia habari hii hucheka. Mimi ninachokitazama ni tarehe. Mwezi huo huo wa Juni 1978, huko Marekani, mwanasayansi Donald Kessler na mwenzake Burton Cour-Palais walichapisha hesabu zao. Walisema hivi: vitu vikizidi kwenye mzingo, yaani njia ya kuzunguka dunia, vitaanza kugongana, kila kugongana kutazaa vipande, vipande vitagonga vingine, na ikifika hatua fulani, hata mkiacha kurusha kabisa, taka zitaendelea kuzaana zenyewe. Kama moto wa porini mwezi wa Agosti: aliyeuwasha ameshakwenda kulala, na moto unaendelea na safari yake. Kwa hiyo ile siku Shaba ilipokuwa inajaribu kuingia angani, onyo lilikuwa limeshaandikwa. Halikufichwa. Lilichapishwa.

Najua mnachofikiri, hasa vijana wa mitaa ya Ruashi na Kampemba. Mnafikiri: kama kuna mali imelala kule, si watu wataokota? Hapa kwetu ukiacha mabaki ya mgodi bila mlinzi, kesho asubuhi kuna watu na magunia. Terili yenyewe imethibitisha: taka ya jana ni mali ya leo. Ni hoja nzuri, na niliiamini kwa muda mrefu. Ina kasoro mbili.

Ya kwanza ni kwamba terili inangoja. Imekaa pale miaka na miaka, haimkimbilii mtu, mpaka mjukuu akapata akili ambayo babu hakuwa nayo. Taka za anga hazingoji. Kila mwaka unaopita, kitu kimoja kikubwa kinaweza kuwa vipande elfu, na kipande kilichosambaa hakiokotwi tena kama vile huwezi kuokota unga uliomwagika barabarani upepo ukivuma.

Ya pili ni sheria. Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967 unasema kitu kilichorushwa kinabaki mali ya mwenyewe hata kikiwa angani. Baharini merikebu ikiachwa kuna taratibu za mwokozi kupata haki yake. Angani hakuna. Hata skrubu ya Mrusi ni ya Mrusi, iwe nzima, iwe imekufa miaka 50. Kwa hiyo kule juu hakuna mchimbaji mdogo na gunia lake. Ndiyo maana Astroscale, kampuni ya Japani, ilipotuma chombo mwaka 2024 kusogelea roketi chakavu, ilisogelea ya Japani, ikafika mita 15 hivi kutoka kwayo. Kazi safi kabisa. Lakini mlioelewa hesabu ya Kessler mnaona: maiti nyingi kubwa kule ni za nchi tatu nne, na zisipotaka kuzika maiti zao, jirani hana ruhusa ya kuzika.

Ule mkataba pia unasema dola inabeba wajibu kwa vinavyorushwa kutoka kwake, hata vikirushwa na kampuni binafsi. Mwaka 1978 huo huo, Januari, setilaiti ya Kisovieti yenye mtambo wa nyuklia, Kosmos 954, iliangukia kaskazini mwa Kanada. Kanada ikaandika bili. Wasovieti wakaja kulipa dola milioni 3 za Kanada, nusu ya walichodaiwa. Na tarehe 30 Desemba 2024, huko Kenya, nchi, siyo komini yetu ya Kenya hapa mjini, msiogope, pete ya chuma yenye upana wa mita 2.5 na uzito wa kilo kama 500 ilianguka katika kijiji cha Mukuku, Makueni. Shirika la anga la Kenya likasema ni kipande cha chombo cha angani. Haikumuua mtu. Wenyeji walikuwa wanajiandaa kwa mwaka mpya, wakasikia kishindo.

Baada ya mambo kama hayo, wahandisi wanasema: basi tutengeneze vitu vinavyoungua vyote vikishuka, visibaki hata pete. Vizuri. Lakini sisi wa Lubumbashi tunajua kwamba kinachoungua hakipotei. Tulijengewa shemine ndefu, zaidi ya mita 150, ili moshi uende mbali. Ulikwenda. Upepo wetu unatoka kusini-mashariki, kwa hiyo upande wa kaskazini-magharibi miombo ilikufa, ardhi ikabaki uchi, na wataalamu wa kilimo wa Chuo Kikuu chetu wametumia miaka mingi kuitafutia majani na miti inayokubali kuota pale.

Mwaka 2023 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya ndege iliyopanda kupima stratosfera, lile tabaka la juu la hewa lenye ozoni inayotukinga na miale mikali ya jua. Katika chembechembe za asidi ya salfa zinazoelea kule, zile kubwa kubwa, kama asilimia 10 zilikuwa na alumini na metali nyingine kutoka kwenye vyombo vilivyoungua. Walipata alumini. Walipata lithiamu. Walipata shaba. Alumini, lithiamu, shaba na risasi zinazoingia kwa njia hiyo zimeshazidi zile zinazoletwa na vumbi la vimondo. Ongeza masizi ya roketi zinazochoma mafuta ya taa, yanayoachwa juu ya mawingu. Mvua ya Novemba huosha vumbi la Lubumbashi, mtaona wenyewe majani yatakavyong'aa. Stratosfera haina mvua. Kilichoingia kinakaa miaka. Madhara yake kwa ozoni bado yanapimwa, na setilaiti mpya zinarushwa kwa maelfu, kila moja ikiwa imepangiwa kuungua baada ya miaka mitano hivi.

Wajapani wa Chuo Kikuu cha Kyoto wamejaribu setilaiti ya mbao. Ya mbao! Sanduku la sentimita 10, limeungwa kwa ufundi wa seremala bila skrubu wala gundi, likapelekwa juu Novemba 2024. Seremala wangu wa Katuba nilipomwambia aliuliza kama wanahitaji mbao za mukwa. Nilicheka, halafu nikaona swali lake lina akili kuliko mengi ninayosikia.

Basi tufanye nini, sisi ambao hatuna roketi? Nimeshasikia jibu la kukata tamaa, sitalirudia. Nitasema ninachokiona mimi, na mwenye kupinga atapewa kipaza sauti.

Mwaka 2022 Marekani iliamua setilaiti za mzingo wa chini ziondolewe ndani ya miaka 5 baada ya kumaliza kazi. Kanuni ya zamani ilikuwa miaka 25. Na haikuishia kwa kampuni zake. Hata ya nje ikitaka soko la Marekani inatimiza sharti hilo. Mmeona ujanja? Hawakusema sisi ndio tunaorusha. Walisema sisi ndio tunaonunua. Sasa mwaka 2025 nchi yetu nayo ilitoa leseni kwa Starlink kuuza intaneti kutoka angani. Nilifurahi, kwa sababu kuna vijiji upande wa Mitwaba ambako kutafuta mtandao ni kupanda kichuguu. Lakini leseni ni karatasi yenye masharti, na masharti yanaandikwa na mwenye soko. Nani atatuzuia kuuliza: vitu vyenu vikichoka vinaungulia wapi, vina metali gani, na vikianguka Pweto nani analipa? Umoja wa Afrika una Shirika la Anga lenye makao Kairo, lililozinduliwa Aprili 2025. Nchi 55 zikiuliza swali moja, hilo si swali dogo tena.

Na germaniamu yetu? Ninyi mtakaosoma sheria, ninyi mtakaokaa siku moja kwenye meza ya mikataba ya madini, mjue kwamba anayeuza kitu adimu ana haki ya kuuliza kinakwenda kufanyiwa nini. Babu yangu hakuwa na nafasi hiyo. Alimwaga tu.

Nimeongea sana, na mama wa maandazi ananiangalia. Tutoke nje kabla hatujajibu maswali. Sasa ni saa kumi na mbili na nusu. Jua limeshatuacha sisi lakini kule juu bado linawapiga wao, ndiyo maana huu ndio wakati wa kuwaona. Zimeni taa za simu. Moshi wa makaa ya kupikia utatusumbua kidogo upande wa Katuba, kwa hiyo angalieni juu ya terili, pale pameanza kuwa peusi. Nukta inayowaka na kuzima ni ndege. Nukta inayokwenda taratibu, bila sauti, bila kupepesa, hiyo ndiyo. Na mkiona moja ambayo mwanga wake unakuja na kupotea, unakuja na kupotea, kama kitu kinachopinduka-pinduka, niiteni: hiyo inaweza kuwa mojawapo ya zilizokufa.